Dibaga ya ndani ya QuickBASIC 4.5: inachokiona, na EXE inachokificha

QuickBASIC 4.5 ni lugha na mazingira ya kuandikia programu za DOS. Dibaga yake ni chombo cha kutafutia makosa, na EXE ni faili ya programu iliyokompailiwa, inayoendeshwa nje ya mazingira hayo. Andika programu hii ndogo ya mauzo ya duka kama ilivyo:

```
DEFINT A-Z
DECLARE FUNCTION Jumla& (n)
DIM SHARED idadi(1 TO 4), bei(1 TO 4)
FOR i = 1 TO 4
  READ idadi(i), bei(i)
NEXT
PRINT Jumla&(4)
DATA 40,150, 25,1200, 30,1200, 12,85

FUNCTION Jumla& (n)
  t& = 0
  FOR i = 1 TO n
    t& = t& + idadi(i) * bei(i)
  NEXT
  Jumla& = t&
END FUNCTION
```

Bonyeza Shift+F5. Haifiki mwisho. QuickBASIC inasimamisha kila kitu, inafungua kisanduku chenye neno "Overflow", na ukikifunga unakuta kishale kimekaa juu ya mstari wa kuzidisha. Sasa fungua menyu ya Run, chagua "Make EXE File...", acha "Produce Debug Code" bila alama, kisha endesha hiyo EXE kutoka DOS. Inakwenda hadi mwisho kimyakimya na kukuandikia 7484.

Jibu la kweli ni 73020.

Faili ni moja, kompyuta ni moja, majibu ni mawili. Sababu ni DEFINT A-Z pale juu: kila kigeu kisicho na alama ya aina kinakuwa INTEGER ya biti 16, yaani kuanzia -32768 hadi 32767. Bidhaa ya tatu ni 30 mara 1200, sawa na 36000, na namba hiyo haiingii humo. Wengi wanadhani t& iliyopo kwenye mstari huohuo inatosha kuwaokoa kwa kuwa ni LONG (namba nzima ya biti 32), lakini kuzidisha kunafanyika kwanza, kati ya INTEGER mbili, na jibu lake linahesabiwa kama INTEGER kabla halijaongezwa kwenye t&. Ndani ya QuickBASIC (QB) ukaguzi unalikamata. Kwenye EXE isiyo na ukaguzi, 36000 inageuka 36000 - 65536, yaani -29536, na jumla inaharibika kwa 65536 kamili. Dawa yake ni neno moja, CLNG, linalogeuza namba kuwa LONG kabla ya kuzidisha:

```
t& = t& + CLNG(idadi(i)) * bei(i)
```

Ukikuta jumla yoyote ya QuickBASIC imepotoka kwa 65536 au kigawe chake, usitafute mbali. Tafuta INTEGER mbili zinazozidishwa.

Mfano huu nimeuweka mbele kwa sababu ndio unaoeleza dibaga ya QuickBASIC ni kitu gani. Haikushikizwa pembeni ya kompaila kama chombo cha ziada. Ndiyo mazingira yenyewe unamoandikia: msimbo unaendeshwa na QB.EXE huku kila operesheni ikikaguliwa. BC.EXE, ile kompaila inayotengeneza EXE, inaacha ukaguzi huo nje mpaka uuombe. Anayejaribu programu ndani ya QB peke yake amejaribu programu moja na kumpa mteja nyingine.

Kuandaa mahali pa kazi

QuickBASIC 4.5 ilitoka mwaka 1988 kwa ajili ya DOS. Leo wengi wetu tunaiendesha ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Weka QB.EXE, BC.EXE, LINK.EXE, BRUN45.EXE, BRUN45.LIB na BCOM45.LIB katika folda moja, kisha:

```
mount c ~/dos
c:
cd \qb45
set LIB=c:\qb45
qb mauzo.bas
```

Mstari wa SET LIB ni wa LINK, inayounganisha msimbo uliokompailiwa na maktaba ili kupata EXE. Usipouweka na ukawa unafanyia kazi folda nyingine, utakompaili vizuri halafu LINK itakwama ikilitafuta BCOM45.LIB. Majina ya faili yasizidi herufi nane na kiambishi cha herufi tatu.

Kitu cha kwanza kufanya ukishaingia: Alt, O, kisha "Full Menus". QB 4.5 ina menyu fupi za wanaoanza, na menyu ya Debug ikiwa fupi inakosa amri kadhaa zinazotajwa hapa chini. Watu wanahangaika kutafuta "History On" kumbe imefichwa tu.

Cha pili ni namna ya kuhifadhi. Unapohifadhi faili kwa "Save As...", chagua "Text - Readable by Other Programs". Ile chaguo nyingine, "QuickBASIC - Fast Load and Save", inaandika faili ya binari, isiyosomeka kama maandishi. Ndani ya QB hutaona tofauti yoyote, ila siku utakapomwita BC kutoka mstari wa amri atakujibu "Binary source file" na kukataa kuendelea. Kufungua tena QB, kuhifadhi kama maandishi na kutoka kunamaliza tatizo.

Kama QBASIC iliyokuja na MS-DOS 5.0 mwaka 1991 ndiyo pekee uliyo nayo, hatua za F8, F10 na F9 zitafanya kazi, lakini hakuna dirisha la kuangalia vigeu na hakuna namna ya kutoa EXE.

Tahadhari moja ya DOSBox, na hii ina uchungu: F9 ndiyo inayoweka kituo (mstari ambapo programu itasimama) kwenye QB, lakini Ctrl+F9 inaiua DOSBox papo hapo bila kuuliza. Kidole kikiteleza, kazi yote ambayo hujaihifadhi imekwenda. Ctrl+F10 inaenda kwa DOSBox kwa ajili ya kushika na kuachia kipanya, kwa hiyo haitakuza dirisha la QB kama ilivyokuwa kwenye mashine halisi. Ctrl+F5 inapiga picha ya skrini. Katika DOSBox unaweza kubadilisha vibonye hivi kwa Ctrl+F1. Kuiondoa Ctrl+F9 ni dakika moja na inafaa kufanywa siku ya kwanza.

Kutembea mstari kwa mstari

Vibonye vya msingi ni vichache. F8 inatekeleza sentensi moja na kuingia ndani ya SUB au FUNCTION (sehemu ya programu yenye jina lake) inayoitwa. F10 nayo inatekeleza sentensi moja, lakini SUB inayoitwa inaimaliza yote kwa mkupuo na kukurudisha mstari unaofuata. F7 inaendesha hadi pale kishale kilipo. F9 inaweka au kuondoa kituo kwenye mstari. F4 inakuonyesha skrini ya matokeo ya programu. F2 inakupa orodha ya SUB na FUNCTION ili uende unakotaka.

F5 na Shift+F5 zinachanganywa kila siku. F5 inaendelea kutoka ulipokuwa umesimama. Shift+F5 inaanza upya na vigeu vyote vinafutwa. Ukiwa umesimama kwenye kituo baada ya dakika tano za kuingiza data, na ukabonyeza Shift+F5 kwa mazoea, unarudi mwanzo.

Tujaribu kwenye ile Jumla& kabla haijarekebishwa. Bonyeza F2, chagua Jumla&, peleka kishale kwenye mstari wa kuzidisha, bonyeza F9. Mstari unabadilika rangi. Shift+F5, na programu inasimama pale i ikiwa 1. Sasa, ukiwa umesimama humohumo ndani, fungua Debug na "Add Watch...", uandike:

```
CLNG(idadi(i)) * bei(i)
```

Ongeza nyingine: t&. Juu ya skrini linafunguka dirisha jembamba lenye kila ulichoongeza: jina la SUB au FUNCTION kinakotoka, usemi wenyewe, halafu thamani yake. Bonyeza F5 mara moja, usemi wa kwanza unasoma 30000 na t& inasoma 6000. F5 tena: 36000 na 36000. Mstari bado haujatekelezwa. Unaiona namba inayotaka kupita mlangoni kabla haijajaribu, na unajua mlango una upana wa 32767. F8 inayofuata ndiyo inayoleta Overflow.

Nimeandika CLNG makusudi kwenye usemi wa kuangalia. Usemi huo unahesabiwa kwa kanuni zilezile za BASIC, kwa hiyo ukiuandika bila CLNG nao utagonga ukuta uleule, na utakosa kuiona ile 36000 ambayo ndiyo unayoitafuta.

Sababu ya kusisitiza uwe umesimama humo ndani unapoongeza ni kwamba QB inakifunga kila kigeu na mahali ulipokuwa wakati huo. Ukiongeza i ukiwa kwenye sehemu kuu ya programu, utapata i ya sehemu kuu, ambayo ni kigeu kingine kabisa. Ukitoka nje ya eneo lake, mahali pa thamani panaandikwa "<Not watchable>". Hilo si kosa. QB inakuambia kigeu hicho hakionekani kutoka pale ulipo.

Kuna kosa moja ambalo dirisha hili linalikamata kuliko macho. QuickBASIC 4.5 haina namna ya kukulazimisha utangaze vigeu, na alama ya aina ni sehemu ya jina: t, t& na t$ ni vigeu vitatu tofauti vinavyoweza kuishi pamoja. Andika Jumla& = t mwishoni badala ya Jumla& = t&, na FUNCTION itarudisha 0 bila ukaguzi wowote kusema lolote, maana kwa kompaila hakuna lililovunjwa. Weka kishale juu ya t na ubonyeze Shift+F9, ile "Instant Watch". Ukiona sifuri huku t& kwenye dirisha la juu ikiwa na 73020, umeshapata jibu. Ndiyo maana mtu akisema "hesabu yangu inatoa sifuri tu", ushauri wa kwanza ni Shift+F9 juu ya kila kigeu kilicho upande wa kulia wa mstari unaotia shaka.

Kituo chenye sharti

"Watchpoint..." kwenye menyu ya Debug ni kituo ambacho hakikai kwenye mstari. Unaandika sharti, mfano t& < 0 au i > 3, na QB inaendesha mpaka sharti liwe kweli, kisha inasimama. Kwenye dirisha la juu unaona <TRUE> au <FALSE>. Kitanzi cha mizunguko elfu tano hakitembewi kwa F8. Kinasubiriwa kwa sharti.

Gharama yake ni mwendo. Sharti linakaguliwa tena na tena programu inapokwenda, kwa hiyo programu nzito itajikokota. Weka sharti moja, pata ulichokitafuta, lifute kwa "Delete Watch...".

Sharti nalo linafuata ile kanuni ya eneo, na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Angalia:

```
SUB Gawa (n)
  n = n \ 2
  PRINT n
END SUB
```

QuickBASIC inapitisha kigeu chenyewe, si nakala. Ukiandika CALL Gawa(baki), kigeu baki cha huko ulikoita kinagawanywa pia. Umeweka sharti baki < 10 ukiwa sehemu kuu, ukitarajia QB isimame palepale n inapobadilika. Haisimami hapo, kwa sababu ndani ya Gawa jina baki halionekani. Itasimama baada ya kurudi, na mstari unaoonyeshwa utakuwa wa baada ya CALL, hauna kosa lolote. Ukiona sharti limekamatwa mara tu baada ya kuita SUB, mshukiwa ni parameta. Ingia Gawa kwa F8 na uweke sharti jipya humo, kwa jina la n. Ukishahakikisha, mabano ya ziada yanatosha kupitisha nakala: CALL Gawa((baki)).

Kurudi nyuma

"History On" ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote katika menyu ile, na ndiyo wanayoisahau wengi. Ukiiwasha, QB inakumbuka mistari 20 ya mwisho iliyotekelezwa. Ukisimama, Shift+F8 inakurudisha nyuma mstari mmoja mmoja, na Shift+F10 inakupeleka mbele tena. Haivirudishi vigeu kwenye thamani zake za zamani. Inaonyesha njia tu. Lakini njia ndiyo unayoitaka pale ambapo kuna GOSUB nyingi au SELECT CASE ndefu na hujui umefikaje hapo.

Inakuwa na nguvu zaidi ikiunganishwa na "Break on Errors". Programu yenye ON ERROR GOTO ina tabia mbaya ya kumeza makosa: kosa linatokea, programu inarukia kwenye kishughulikia makosa, RESUME NEXT inaendelea, na wewe huoni kitu ila faili isiyokamilika. Washa "History On" na "Break on Errors" zote mbili. Kosa likitokea, QB inasimama mwanzoni mwa kishughulikia makosa. Bonyeza Shift+F8 mara moja au mbili na kishale kinarudi kwenye mstari uliosababisha. Kabla ya kuendelea, shuka kwenye dirisha la Immediate kwa F6 na uandike PRINT ERR ili upate namba ya kosa. 6 ni Overflow, 9 ni Subscript out of range, 53 ni File not found, 62 ni Input past end of file.

Dirisha hilo la Immediate lina kazi kubwa kuliko kuchapisha namba. Ukiwa umesimama unaweza kubadilisha kigeu: andika i = 4, Enter, kisha F5, na programu inaendelea kana kwamba i ilikuwa 4 tangu awali. Unaweza kuita SUB yako moja kwa moja kwa thamani unazozitaka. Pia unaweza kuhariri msimbo wenyewe ukiwa umesimama na kuendelea na F5, ingawa mabadiliko mengine yatakuletea swali "You will have to restart your program after this edit. Proceed anyway?", hasa ukigusa matangazo kama DIM. Ukikataa, mstari unarudi ulivyokuwa. "Set Next Statement" inakuruhusu kuruka mistari bila kuitekeleza, mfano kuepuka KILL (amri ya kufuta faili) iliyo mbele yako wakati unajaribu data halisi.

Menyu ya Calls inaonyesha nani amemwita nani. Kwa programu ya SUB tano huihitaji. Kwa inayojiita yenyewe, ndiyo pekee itakayokuonyesha umezama kina gani, pamoja na PRINT FRE(-2) kwenye Immediate, inayotoa nafasi ya steki (kumbukumbu inayotumika kwa miito) iliyobaki.

Mambo ambayo kusimama kunayaharibu

Baadhi ya msimbo unabadilika tabia kwa kuangaliwa tu. Kitanzi kinachosubiri kitufe kwa INKEY$ hakifai kutembewa kwa F8, kwa sababu ukiwa umesimama vitufe unavyobonyeza vinakwenda kwa mhariri wa QB. Utazunguka humo mpaka uchoke. Weka kituo mstari wa baada ya kitanzi, au simama ndani yake na uandike kwenye Immediate k$ = "q", kisha uendelee.

TIMER, inayohesabu sekunde tangu usiku wa manane, nayo haikusubiri. Kitanzi cha WHILE TIMER < mwisho! kitakwisha mara tu ukisimama kwa sekunde chache, na utadhani kina kosa. (Kina kosa jingine la kweli: TIMER inarudi sifuri usiku wa manane inapofika 86400, kwa hiyo mwisho! iliyowekwa sekunde mbili kabla ya saa sita usiku inaweza isifikiwe kamwe.) Ucheleweshaji uliotengenezwa kwa FOR tupu ni mbaya zaidi, kwani EXE inaukimbia haraka kuliko QB, na DOSBox inaukimbia kwa mwendo wowote uliouweka kwenye cycles. Mchezo uliopimwa kwa macho ndani ya QB utakuwa umechanganyikiwa kwenye EXE.

Michoro inatembewa kwa F7, si kwa F8. Kila hatua inabadilisha skrini kati ya mchoro na mhariri, na kumulika kwake kunaumiza macho bila kukuonyesha kitu.

Kumbukumbu inakwenda kinyume: hapa QB ndiyo yenye shida. QB.EXE yenyewe inakula sehemu ya zile KB 640, kwa hiyo programu kubwa inaweza kulalamika "Out of memory" ndani ya QB na kufanya kazi vizuri ikiwa EXE. Angalia FRE(-1), inayoonyesha kumbukumbu iliyobaki, kabla ya kuanza kuvunja safu (array) zako. Nafasi ya maneno ni jambo lingine: vigeu vya maneno katika 4.5 vinaishi ndani ya sehemu moja ya KB 64 pamoja na data nyingine, na "Out of string space" itakufuata hadi kwenye EXE. FRE("") ndiyo ya kuiangalia hapo.

Kuubeba ukaguzi hadi kwenye EXE

Alama ya "Produce Debug Code" ni sawa na /D kwenye BC. Haikupi vituo wala dirisha la kuangalia vigeu. Inarudisha ukaguzi: hesabu inayozidi uwezo wa aina yake, safu inayosomwa nje ya mipaka, RETURN isiyo na GOSUB, na Ctrl+Break. Hiyo ya mwisho inaonekana ndogo mpaka EXE yako iingie kwenye kitanzi kisicho na mwisho; bila /D, mara nyingi njia iliyobaki ni kuiwasha upya mashine.

Safu ndizo zinazotisha. Bila /D, kuandika a(11) kwenye safu ya DIM a(1 TO 10) hakuleti kosa. Thamani inaandikwa kwenye kumbukumbu inayofuata, na huko kunaweza kuwa na kigeu kingine. Utaona bei imebadilika mahali ambapo hakuna aliyeigusa. Ukiongeza kigeu kimoja cha kuchunguzia, mpangilio unasogea na kosa linahamia kwingine. Dalili ya aina hiyo, yaani kosa linalohama ukiligusa, ni sababu tosha ya kukompaili upya kwa /D kabla ya kusoma hata mstari mmoja.

Kwa mkono inafanywa hivi:

```
BC MAUZO /D /O;
LINK MAUZO;
```

/O ni EXE inayojitegemea, inayounganishwa na BCOM45.LIB. Ukiiacha, EXE itahitaji BRUN45.EXE iwepo kwenye mashine ya mtumiaji. Programu yenye ON ERROR inataka /E, na yenye RESUME NEXT au RESUME tupu inataka /X. Ukiisahau BC atakataa. Menyu ya Make EXE inakuwekea hizi yenyewe, na ndiyo maana mtu aliyezoea menyu anashangaa anapohamia mstari wa amri.

Je, /D iondolewe mwishoni? EXE inakuwa kubwa zaidi na ya polepole zaidi. Kwa programu ya hesabu za duka, hakuna atakayeuona mwendo huo, na mimi naiacha. Kwa mchezo wenye kitanzi cha kuchora kila nukta, itoe, lakini tenga kitanzi hicho kwenye faili yake ya .BAS na uikompaili hiyo peke yake bila /D. Nyingine zibaki na ukaguzi. LINK inaziunganisha bila tatizo.

EXE inapoanguka kwa mtumiaji, ujumbe unataja kosa, jina la moduli na anwani yenye sehemu mbili zilizotenganishwa na nukta pacha. Ikiwa na /D na mistari yako ina namba, unapata na namba ya mstari. Huhitaji kuipa namba mistari yote kama enzi za GW-BASIC: weka 100, 200, 300 mwanzoni mwa sehemu zinazotia shaka, na kosa litatajwa kwa namba ya mwisho iliyopitwa. ERL, inayotoa namba ya mstari wenye kosa, ndani ya kishughulikia makosa inatumia namba hizohizo.

Bila namba za mistari, ile anwani bado inasomeka. Toa orodha ya kompaila:

```
BC MAUZO, MAUZO.OBJ, MAUZO.LST /D /O /A;
```

Fungua MAUZO.LST kwa mhariri wowote. Safu ya kwanza kushoto, "Offset", ni mahali kila mstari unapoanzia ndani ya moduli, kwa heksadesimali. Chukua sehemu ya pili ya anwani iliyotajwa na kosa, ile ya baada ya nukta pacha, na utafute Offset kubwa kabisa isiyoizidi. Mstari huo ndio. Sehemu ya kwanza ya anwani usiijali; inategemea DOS imeipakia programu wapi na itabadilika kutoka mashine moja hadi nyingine.

Orodha lazima itolewe kwa faili ileile na chaguo zilezile zilizotengeneza EXE iliyoanguka. Ukiitoa bila /D kwa EXE iliyokuwa na /D, kila Offset inakuwa imesogea, na utapelekwa kwenye mstari usio na hatia. Kwa hiyo siku unayotoa EXE kwa mtu, toa na .LST yake hapohapo na uiweke pamoja na nakala ya .BAS.